Jina la Kumi na Nne

Chebet mwanangu,

Shuleni tulifundishwa kwamba barua huanza na salamu, kisha habari za mvua, kisha hali ya mifugo, ndipo mtu aseme kilichomfanya ashike kalamu. Mimi nikianza na mvua nitaishia kwenye mvua, najijua, na kesho asubuhi utapanda ndege bila kuambiwa. Basi nianze na lililo zito. Jina la kumi na nne kwenye karatasi yako ya wazee wa kuhojiwa ni la mama yangu mzazi.

Ndiyo, najua. Nilikuambia alikufa. Ulikuwa na miaka sita, umerudi shule na kazi ya kuchora ukoo wako, ukaniuliza bibi mzaa baba umchore na nywele za aina gani. Nikakuambia uweke msalaba mdogo, yeye yuko mbinguni. Ukauchora kwa kalamu ya zambarau. Mama yako naye nilimwambia hivyohivyo kabla sijamchumbia, na wachungaji wawili, na kila Mkenya aliyewahi kuniuliza kwenye harambee. Nimelisema neno hilo mara nyingi mpaka nikaanza kukumbuka mazishi ambayo hayakuwepo.

Jumanne uliiweka karatasi kando ya chai yangu pale jikoni. "Dad, please," ukasema, "niwekee alama wanawake ni wepi. Sitaki kumwita mtu Mzee, kumbe ni somebody's grandmother." Nikacheka. Majina kumi na matatu ya kwanza niliyaweka alama bila shida. Kwenye jina la kumi na nne kalamu ikasimama. Nilisoma jina, kijiji, ukoo, na yale maneno machache ambayo wenzako wa Nakuru wameandika kando ya kila mzee. Ukaniuliza, "You okay?" Nikasema chai imeniunguza. Kisha nikaweka alama ya mwanamke mbele ya Tapkigen, mama yangu, nikakurudishia karatasi, nikaenda chooni nikafungulia bomba ili usinisikie nikilia.

Sasa ni Jumamosi mchana. Wewe na mama yako mmekwenda Peckham kusukwa, kuvuka London nzima kwa ajili ya nywele kana kwamba huku Hounslow watu hawana vidole. Mama yako nilimweleza yote jana. Alikuwa anapiga pasi sare yake ya hospitali. Hakunipigia kelele. Alimaliza mkono mmoja, akageuza, akapiga pasi mkono wa pili, ndipo akasema, "Miaka yote hii, Baba Chebet." Baadaye alikuja akakaa kando yangu akaniambia nikuandikie, nisikuambie kwa mdomo. "Ukimwambia utalia, na yeye ataanza kukubembeleza. Mwache mtoto apate nafasi ya kukasirika." Basi nafasi ndiyo hii. Isome ndegeni, na ukasirike unavyotaka.

Habari za chandarua, maji ya kuchemsha na kutotembea na simu mkononi sitakuandikia. Mama yako amejaza kurasa mbili na amezibandika ndani ya kifuniko cha sanduku lako.

Nakuandikia Kiswahili kwa sababu ndicho nilichokupa. Unakielewa chote na unanijibu kwa Kiingereza, tumeshazoeana hivyo. Lakini si lugha yangu ya kwanza, wala ya kwanza si Kikipsigis kama ulivyoambiwa. Sisi si Wakipsigis, Chebet. Wewe unakwenda kwa Waogiek ukiwa na kinasa sauti na huruma yako, kuwauliza walifukuzwaje msituni, ili mawakili wenu wapate la kusema mahakamani. Hao watu ni ndugu zako. Mimi ni Mogiek wa Mau. Nilizaliwa kwenye baridi ile, chini ya mierezi, katika nyumba ambayo mlangoni pake mtu hakuwahi kuona barabara.

Majirani walituita Wandorobo, watu wasio na ng'ombe. Walilisema kama vile hapa mtu anavyosema ombaomba. Sisi tulikuwa na nyuki. Kila ukoo ulikuwa na ukanda wake wa msitu, kutoka chini kwenye joto mpaka juu kwenye mianzi, na mizinga ya magogo juu ya miti, na tulihama kupanda na kushuka tukifuata maua. Mama yangu angeweza kuonja asali akakuambia nyuki walikuwa kwenye mti gani, na mwezi gani. Hakuna aliyetuuliza karatasi ya ardhi. Ardhi tuliijua kwa ulimi.

Nilipokuwa na miaka tisa mwalimu mmoja Mkipsigis alimwambia mama yangu kwamba nina kichwa, na kwamba kichwa hicho kitaoza msituni. Baba alikuwa amekwisha kufa. Mama akakubali. Mwalimu alikuwa mtu mwema, sitaki umchukie. Alinilisha, alinivisha, na kwenye daftari la shule akaandika jina lake kuwa la baba yangu na kabila lake kuwa langu. Lugha zetu zinakaribiana. Ilinibidi nibadilishe maneno machache na namna ya kucheka. Mwaka wa pili hata mimi nilikuwa nikiwaita wenzangu Wandorobo uwanjani, tena kwa sauti kuliko wengine.

Mama alikuwa akija mara moja kwa mwaka, na kila mara nilimpokelea mbali zaidi na nyumba ya Mwalimu.

Sasa hili la Nakuru. Nimeliandika na kulichana mara mbili tayari, karatasi ziko kwenye ndoo, mama yako ataziona. Nilikuwa chuo cha ualimu, mwaka wa mwisho. Nimekaa na wenzangu nje ya bweni, tumevaa mashati meupe, tunajiona. Mama akaingia getini na mkebe wa asali. Alikuwa ametembea siku ngapi sijui. Miguu ilikuwa ya majivu na nguo zake zilinuka moshi. Mimi nikafikiri ni moshi wa jikoni, ule wa kila siku, nikaona haya. Mwenzangu mmoja akauliza, "Huyu nani?" Nikajibu haraka, kwa Kiswahili, ili wote wasikie: "Ni yule mama wa asali."

Alikuwa anakijua Kiswahili, Chebet. Alisimama. Alifungua mdomo kama mtu mwenye habari ndefu. Mimi nikatoa noti mfukoni nikamwekea kiganjani, nikachukua mkebe. Kwetu mtu haiuzi asali kwa mtoto wake. Hata adui akija nyumbani kwako asali anapewa. Yeye aliitazama ile noti, akaikunja, akaifunga kwenye pindo la leso yake. Akasema, "Asante sana, mwalimu." Akageuka akaenda zake, na sikumwona tena.

Wenzangu waliisifu asali. Mimi sikuweza kuimeza.

Wiki mbili baadaye ndipo nikasikia, kwa mtu aliyekuwa anasimulia tu kwenye foleni, kwamba askari wa msitu walikuwa wamechoma nyumba za Wandorobo kule juu. Walizichoma siku moja, kuanzia bondeni mpaka kwenye mianzi. Ule moshi wa nguo zake ulikuwa wa nyumba yetu. Alikuwa amekuja kuniambia, na nadhani alikuwa amekuja kuniomba mahali pa kulala.

Mwezi uliofuata nilipanda huko. Nilikuta vigingi vilivyoungua na mizinga imeangushwa. Watu walikuwa wametawanyika, na niliowakuta kando ya barabara waliangalia shati langu jeupe wakasema hawamjui mtu huyo. Ningeweza kuendelea kutafuta. Nilitafuta siku mbili. Kisha nikarudi Nakuru nikamuua kwa mdomo, kwa sababu mama aliyekufa haulizwi na mtu, na mama aliye hai mahali fulani, mwenye njaa, ningelazimika kumtafuta kila siku ya maisha yangu. Niseme wazi: nilichagua lililo rahisi. Nikakutana na mama yako, yeye akapata kazi ya uuguzi huku, nami nikamfuata, nikafurahi kuja mahali ambapo Mkenya ni Mkenya tu.

Cheti changu cha ualimu hapa hakikukubaliwa, hilo unalijua. Nilifagia bustani na barabara za halmashauri, magharibi huku, mpaka karibu na mfereji ule wa Southall. Na hili kovu la mkono ambalo ulikuwa ukilipapasa ukiwa mdogo, nililokuambia ni la mafuta ya chipsi, si la mafuta. Nililipata nikifanya kosa la pili, ambalo ni mtoto wa lile la kwanza.

Ulikuwa umeanza kung'oka meno. Kando ya mfereji, kwenye kiwanja kitupu kilichopakana na bustani yangu, zilikuja karavani nne za Waroma, hao ambao majirani zetu huwaita majipsi na kufunga madirisha. Sheria ilikuwa imebadilika, halmashauri hazikulazimika tena kuwatafutia mahali, basi walikuwa wakisukumwa kutoka kiwanja hiki hadi kile. Hawakuwa na maji. Mimi nilikuwa na ufunguo wa bomba la bustani. Kanuni zilikataza. Niliwaachia ufunguo, na sijui kwa nini, sikuwa mtu wa kuvunja kanuni. Labda ni zile ndoo zilizopangwa nje ya mlango.

Mkubwa wao alikuwa mwanamke wa miaka sabini na kitu, Lavinia, mwembamba, mwenye pete kwenye kila kidole na maneno makali. Alinikaribisha chai. Nilikuwa nimetoka kuokota takataka, nikaona beseni la maji safi, nikachovya mikono. Alipiga kelele kama nimemkanyaga paka! Kumbe kwao beseni la vyombo ni la vyombo, la mwili ni la mwili, na hayo mawili hayakutani hata yaoshwe mara mia. Beseni lile likapewa mbwa siku hiyohiyo. Nikafikiri nimefukuzwa. Akanimiminia chai. "Ninyi mnaosema sisi ni wachafu," akaniambia, "mnaoshea soksi mnapooshea sahani." Nilicheka mpaka nikasahau kwamba mimi si mmoja wa hao ninyi.

Nilianza kula chakula cha mchana kwao. Mume wake alikuwa mzee mnyamavu, anarekebisha hatamu za farasi na hakuna farasi aliyebaki. Siku moja Lavinia aliniuliza natoka wapi. Nikasema Kenya. Akatikisa kichwa. "Sikuulizi hivyo. Nakuuliza walikuhamisha wapi." Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali hilo, na nilimjibu. Nilimwambia msitu, mizinga, moto, mama wa asali, kila kitu. Mama yako alikuwa hajui, wewe hujui, na bibi mmoja kando ya mfereji alijua. Hakuniambia pole. Alisema, "Basi unajua," akanisukumia sahani ya mkate.

Halafu mume wake akafa, hospitali, mwanzo wa baridi. Walimzika. Mimi sikuwa kazini siku hiyo. Jumatatu nilifika bustanini kama kawaida, nikaona moshi juu ya miti.

Chebet, sijui nikuelezeje. Sikuona London. Niliona bondeni. Nilitupa ufagio nikakimbia, na karavani ya yule mzee ilikuwa inawaka, milango wazi, na watu wamesimama mbali kidogo, kimya, hawafanyi chochote. Nikafikiri ni woga. Nikafikiri wamechomewa. Nilipiga kelele, "Maji! Leteni maji!" Hakuna aliyesogea. Nikavuta ndoo zao mwenyewe nikamwaga, nikaingia mlangoni nikashika kitu cha kwanza nilichokiona, sanduku la mbao, nikatoka nalo huku mkono wa shati unawaka. Nikakimbilia kibanda cha simu nikaita zimamoto. Niliporudi, Lavinia alikuwa amekaa chini kwenye nyasi. Mjukuu wake, msichana wa miaka kumi hivi, alinijia akanitazama usoni. "Kwa nini umefanya hivyo?" akaniuliza. "Ulikuwa wa babu."

Moto ule waliuwasha wenyewe. Kwao mtu akifa, nyumba yake na vitu vyake huchomwa, ili apate kuondoka, na walio hai wasikae wanagawana mashati yake. Ilikuwa ndiyo mara ya mwisho kumfanyia kitu. Na mimi, mtu wa pekee kwenye wilaya nzima ambaye angepaswa kusimama kofia mkononi, niliumwagia maji.

Kosa hilo nililifanya kwa kutojua. La baada yake nililifanya nikijua. Zimamoto walikuja, polisi wakaja, na nyuma yao mabwana wa halmashauri, ambao walikuwa wakitafuta sababu ya kuwaondoa. Polisi akanikuta nimeshika mkono uliobabuka. Akauliza wamewasha moto kwa nini. Lavinia alikuwa ameshanieleza, dakika chache kabla, kwa sauti isiyo na hasira. Ningeweza kusema: ni mazishi, wako kwenye msiba, kosa ni langu. Nikawaza ufunguo wa bomba. Nikawaza kazi, na karatasi zangu za ukaazi zilizokuwa ofisini zikisubiri. Nikasema, "Sijui. Mimi ni mfagiaji tu."

Waliandika kwamba ni uharibifu. Alhamisi magari ya kuvuta yalikuja. Mimi ndiye niliyetumwa kufagia kiwanja baada yao.

Kabla hawajaondoka nilimpelekea Lavinia lile sanduku. Hakulishika. Alisema, "Wewe ndiye uliyelitoa. Si letu tena." Hakunilaani, na mara nyingi nimetamani angenilaani.

Unakumbuka kile kikombe cha maua ya buluu? Kilikuwa ndani ya sanduku hilo, pamoja na wembe wa kunyolea na hatamu. Niliviweka bandani nyuma ya nyumba. Ulikipata ukiwa na miaka minane, ukawamiminia wanasesere wako chai. Nilikunyang'anya nikakupiga kofi. Ni mara moja tu katika maisha yako nilikupiga, na hukujua kwa nini, na ulinisamehe kabla ya chakula cha jioni kwa kuwa watoto ndivyo walivyo. Niruhusu niombe msamaha huo tena, sasa ukiwa unajua unasamehe nini.

Na ule mkutano wa watu wa asili, karibu na Euston, ambao ulinivuta niende kwa sababu ulikuwa umepewa kadi ya kamba shingoni na ulitaka nikuone. Nilikuona. Nilijisikia vizuri sana. Palikuwa na wafugaji wa kulungu kutoka kaskazini kabisa ya Norwei, mama mmoja kutoka Australia, vijana wa milima ya Ufilipino, wote wanasema yale ambayo Mau tulikuwa tukiyasema kwa sauti ndogo: tulikuwepo, tuko, msiandike kana kwamba tumekwisha. Kisha akapanda mwanamke wa Kiroma. Alisema wao hawana msitu wa kuunyooshea kidole, wao walikuwa na njia, na njia imefungwa. Mtu nyuma yetu akanong'ona kwamba hao hawahusiki hapa, hawana ardhi ya asili. Wewe uligeuka ukamkazia macho. Mimi sikuona hilo vizuri, kwa sababu nilikuwa nimemtambua. Alikuwa yule msichana, mjukuu wa Lavinia.

Uliniuliza kwa nini tumeondoka kabla ya chai. Nikasema mgongo. Kwenye treni ukanihutubia njia nzima kuhusu yule mtu wa kunong'ona, kama Waroma wahesabiwe au wasihesabiwe pamoja na watu wa asili, na ukaniuliza, "What do you think, Dad?" Nikasema ni mambo ya wasomi. Jibu langu ni hili, limechelewa vituo vingi: mimi nimechomewa nyumba na nimewazimia wengine moto wao, na moshi unanuka sawasawa.

Wiki tatu zilizopita nilichukua kile kijitabu cha mkutano chumbani kwako nikampigia simu huyo mjukuu. Nilipomwambia mimi ni nani, akasema, "Mtu wa bomba." Lavinia alikufa siku nyingi. Nikamuuliza sanduku nilifanyeje. "Lichome," akasema. "Bibi alisema hukujua. Hilo hakukuhesabia." Nikaanza kushukuru. Akanikatiza: "Lakini polisi alipokuuliza, ulikuwa unajua." Akakata simu.

Nimelitafuta jibu la kumpa tangu siku ile, mwanangu, na nimegundua ni lilelile la Nakuru. Nilikuwa naogopa kuhesabiwa pamoja nao. Hakuna kingine. Usitafute sababu kubwa kuliko hiyo ili unitetee, maana najua utajaribu.

Jumamosi iliyopita ulirudi kutoka dukani ukaona moshi nyuma ya nyumba. Ulitoka mbio na beseni la maji, na nilikuona kupitia moshi, na nikajiona mimi mwenyewe. Lakini wewe ulifika hatua tatu kutoka kwenye moto ukasimama. Beseni liko mikononi, maji yanakumwagikia viatuni. Ukauliza, "Dad, ni nini hiyo? Niumwagie?" Uliuliza kwanza! Nikakuambia usimwage, ni takataka tu. Neno takataka nalirudisha. Ilikuwa ni mali ya marehemu, na tulikuwa kwenye msiba, wewe na mimi, na ulisimama nami, bila kujua, mpaka moto ukazimika wenyewe.

Kwa ajili ya hatua hizo tatu ndipo nimepata nguvu ya kuandika, na pia ya kukuomba nitakachokuomba.

Itoe karatasi yako. Angalia kando ya jina la mama yangu, uone wenzako waliandika nini alipohojiwa mara ya kwanza. Ni mstari mmoja. "Anaishi peke yake. Mtoto mmoja wa kiume, mwalimu, alifia Nakuru."

Naye amenizika. Miaka hii yote mimi nimemwekea msalaba wa zambarau, na yeye huko kando ya msitu anawaambia watu mwanawe alifia Nakuru, na kati yetu wawili yeye ndiye asiyesema uongo. Nilipousoma mstari huo nilitaka uende mbio umwambie yuko hai, yuko London, ana mke na binti na kovu. Nilitaka umzimie moto wake. Kisha nikakumbuka nyasi za kando ya mfereji na bibi aliyekaa chini.

Kwa hiyo usimwambie, si mara ya kwanza. Kaa naye. Mwulize maswali ya mawakili, uandike atakavyosema. Msikilize anavyocheka, ndivyo nilivyokuwa nikicheka. Ukiona panaruhusu, mwulize kuhusu huyo mwana aliyekufa, na kama angependa kusikia habari zake. Akisema hapana, basi ni hapana. Mwache na msiba wake, alioujenga mwenyewe, na usinipigie simu siku hiyo. Akisema ndiyo, mpe barua hii, umsomee wewe kwa Kiswahili chako hichohicho cha kukwaruza. Kuja nitakuja akiniita. Asiponiita sitakuja.

Jambo moja la mwisho. Najua mmepewa bahasha za kuwashukuru wazee kwa muda wao. Wape wote kumi na watatu, na walio baada yake wote. Yeye ataona wewe ni mgeni, na mgeni kwetu hupewa asali. Ataitoa kwenye mkebe, atakuwekea kiganjani. Uile mbele yake, ulambe vidole.

Usimlipe.

Baba yako